Bibi Harusi wa Redioni

Ukitaka kumtambua Mama Masafa, usimtazame, msikilize. Kwa sura ni mama wa kawaida kabisa: mfupi, mnene kiasi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Ukipishana naye njiani hugeuzi shingo. Lakini afungue mdomo tu aulize bei ya nyanya, muuzaji anaacha kupanga mafungu yake: "Aa! Si wewe yule wa redio?" Hapo Mama Masafa hujidai anaona haya, na mimi nakuambia alikuwa anaona raha mpaka visiginoni.

Kazi yake ilikuwa kuendesha kipindi cha wajawazito kwenye kituo kidogo cha redio, chumba na nusu nyuma ya ghala la mbolea. Kuta za studio zilibandikwa trei za mayai ili sauti isirudi, mlango ulivishwa godoro kuukuu, na feni ilizimwa kipindi kikianza kwa sababu ilinguruma kwenye maikrofoni. Kwa hiyo kila alasiri ya kipindi Mama Masafa alitoa habari za uzazi huku jasho linamtiririka utadhani yeye ndiye yuko leba. Utani huo ni wake mwenyewe, na hakuchoka kuurudia.

Kipindi kiliitwa Tunza Wawili. Huko vijijini, ambako zahanati iko mbali na barabara ni ya kubahatisha, wanawake walikusanyika kwa yeyote mwenye redio, upenuni kwa huyu au nyuma ya duka la yule. Mwenye swali alilisema kwenye simu ya mmoja wao, sauti ikatumwa kituoni, fundi mitambo akairusha hewani, na Nesi, mkunga wa zahanati aliyekuja kila wiki na kitambaa chake cha kufutia jasho, akajibu. Majina hayakutajwa. "Hapa hatuulizi jina," Mama Masafa alisema kila mara, "tunauliza unaumwa wapi." Maneno hayo yalienea mpaka watoto wakawa wanayasema wakicheza udaktari.

Na kipindi kilisaidia, tusimnyime haki yake. Wapo waliodhani kutokwa damu kidogo ni jambo la kupita, wakasikia, wakaenda zahanati, leo wana watoto. Wapo wanaume waliojifanya wanatafuta habari za mpira kumbe wanasikiliza dalili za uchungu. Yote hayo ni kweli. Ndiyo maana lililotokea baadaye lilimkata maini vile.

Mwanzoni, jamani, kipindi kilikuwa kimepooza. Nesi alikuwa anajua kazi yake lakini akisoma habari za vidonge vya kuongeza damu ni kama anasoma tangazo la mnada. Watu wakahamia kwenye muziki. Meneja wa kituo akamwita Mama Masafa, akamwambia bila kuzunguka, "Dada, kisiposikilizwa hiki, nakiondoa."

Mama Masafa akarudi nyumbani kichwa kimemvimba kwa mawazo. Na nyumbani ndiko alikokuwa mkamwana wake.

Mwanawe wa pekee ni dereva wa lori, mtu wa kulala barabarani, na alipooa alimleta mkewe akae na mama ili wasiwe wapweke wote wawili. Alikuwa msichana mpole, wa kucheka akiziba mdomo kwa kiganja. Mimba ilipoingia, mambo yake yakawa hayatabiriki. Siku hiyo Mama Masafa alimkuta amekaa kizingitini analia, machozi bwe bwe. Kisa? Jogoo wa jirani amemtazama vibaya.

"Amekutazamaje?"

"Kama ananidharau, mama."

Mama Masafa alicheka mpaka akashika ukuta. Binti naye akaanza kucheka huku kamasi zinamtoka, na wawili wale wakakaa pale kizingitini wakimtukana jogoo. Ilikuwa siku nzuri. Mimi nataka hilo likumbukwe, kwamba walianza kwa kupendana.

Kipindi kilichofuata, kabla Nesi hajashika karatasi yake, Mama Masafa akasogelea maikrofoni. "Ndugu zangu, pale kwangu nina bibi harusi. Yaani mke wa mwanangu. Jana kagombana na jogoo." Akaigiza kisa chote, na sauti ya jogoo akaitoa. Fundi mitambo, mtu ambaye hacheki hata akitekenywa, alikuwa amelala juu ya mitambo yake mabega yanatikisika. Simu zikaingia kama mvua. Baada ya hapo kila kipindi kilifunguliwa kwa kisa cha Bibi Harusi. Meneja akanunua pazia jipya la studio kwa furaha.

Bibi Harusi kaweka chumvi kwenye chai. Bibi Harusi kaamka anataka kunusa petroli. Bibi Harusi kakataa kulala upande wa dirisha kwa sababu mwezi unamkodolea. Binti mwenyewe mwanzoni alicheka pamoja na watu. Sokoni walimwita, "Bibi Harusi, jogoo hajambo?" naye akajibu, "Tumepatana." Mama Masafa akaona mambo ni shwari. Akifika nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, alikuwa anauliza, "Enhe, leo una nini mwanangu?" Na kusema kweli, swali lile lilikuwa halimuulizi tena mgonjwa. Lilikuwa linatafuta kisa.

Ndipo ikaja ile ya chafya.

Binti alimfuata jikoni, akasimama karibu na mlango, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, nikipiga chafya mkojo unaniponyoka. Juzi niliaibika dukani. Ni kawaida hii?"

"Kawaida kabisa, mwanangu. Mtoto anakukalia kibofu. Sisi wote tumepita huko." Akampa jibu zuri, jibu la Nesi. Tena akamshika bega. Na alasiri ya kipindi akakitoa kisa hicho redioni, mtindo wake ule ule: Bibi Harusi kaenda dukani kununua kiberiti, pilipili ya muuzaji ikampanda puani, akajikaza, akajikaza, duka zima linamtazama...

Alijitetea baadaye kwamba ilikuwa elimu. Na elimu ilikuwa kweli, maana kikundi baada ya kikundi kilituma sauti kushukuru, wanawake wazima wakisema walidhani wamelogwa. Lakini wanawake wale walikuwa hawana majina. Bibi Harusi alikuwa na nyumba, na njia ya kwenda dukani, na wanaume waliokaa kibarazani kucheza karata. Akipita, mmoja alifanya "Chaa!" wa pili akafanya "Chaa!" na karata zikadondoka kwa vicheko.

Binti aliendelea na njia yake. Hakununa, hakulia. Ila tangu hapo, akiulizwa "Enhe, leo una nini mwanangu?" alijibu, "Salama, mama." Mgongo? "Salama." Unalala? "Nalala vizuri, mama." Ulienda kliniki? "Nilienda."

Mama Masafa alisikitika kidogo kwa kukosa visa, akaanza kubuni vya kwake. Ila moyoni akafurahi. "Mke wa mwanangu amekua," alimwambia Nesi. "Mwanzo alikuwa kulalamika tu. Sasa mimba imemkubali."

Nesi akauliza, "Mbona sijamwona kliniki?"

"Labda alikuja siku ambayo hukuwepo," Mama Masafa akasema, akageukia karatasi zake. Mtu mzima na akili zake! Mwanamke aliyewaambia wenzake kila wiki kwamba kliniki si hiari, hakuinua hata kikaratasi cha kliniki cha mkamwana wake akakitazama. Kilikuwa kabatini, juu ya sahani.

Binti alikuwa haendi. Foleni ya kliniki ilikuwa na wanawake wale wale wanaosikiliza Tunza Wawili, na mara ya mwisho alipoketi pale mmoja alisogea kando akasema, "Jamani, mwenye pilipili asikae karibu na huyu." Walicheka bila ubaya. Akaondoka kabla hajapimwa, na hakurudi.

Basi ikafika alasiri moja ya joto kali. Kisa cha kufungulia kimekwisha, watu wamecheka, na Nesi ameeleza namna ya kumnyonyesha mtoto anayekataa titi. Fundi mitambo akainua kidole nyuma ya kioo, maana yake kuna sauti imeingia. Mama Masafa akasema maneno yake, "Karibu mama, hapa hatuulizi jina, tunauliza unaumwa wapi," akavaa zile spika za masikio zilizobanduka sponji.

Kwanza kulisikika cherehani. Halafu mtu akaisimamisha.

"Shikamoo mama. Shikamoo nesi."

Mama Masafa alijua pale pale. Salamu moja tu. Alikuwa anaisikia kila asubuhi kwenye ukumbi wake, hiyo hiyo, na ile namna yake ya kushusha sauti mwishoni kama mtu anayeweka kikombe asikivunje.

"Mimba yangu ni ya miezi minane. Kichwa kinaniuma tangu juzi, hakiachii hata nikilala. Naona vimulimuli machoni. Miguu imevimba, viatu vya mume wangu tu ndivyo vinaingia. Na hapa juu chini ya mbavu panabana. Nyumbani sijasema. Nikisema nitatangazwa. Naomba mnijibu, lakini msinicheke."

Cherehani ikaanza tena, sauti ikakatika.

Redio ikawa kimya. Wasikilizaji wake hawakuwahi kumsikia Mama Masafa akiwa kimya, na wengi walidhani betri zimekufa, wakazipiga piga redio zao. Alikuwa amekaa mdomo wazi, mikono juu ya meza, na alihisi uso wake unawaka kuanzia shingoni. *Lakini msinicheke.* Kajificha kwa jirani yao fundi cherehani, kaazima simu yake, kasema na mama mkwe wake kupitia redio kama mgeni, kwa sababu mgeni alikuwa na heshima zaidi ya mtu wa nyumbani. Asubuhi ile ile walikuwa wamekunywa chai meza moja. Alikuwa amevaa viatu vikubwa vya mumewe, na Mama Masafa alikuwa amevitazama, tena akawaza, hapa pana kisa.

Nesi hakungoja. Akaivuta maikrofoni upande wake, na mara hii hakuwa anasoma mnada.

"Mama uliyeuliza. Hizo ni dalili za kifafa cha mimba. Hakijakupata bado, lakini kiko mlangoni. Usisubiri mwisho wa kipindi. Usisubiri mume. Nenda hospitali sasa hivi, si zahanati, hospitali. Sasa hivi." Akampa ishara fundi mitambo aweke wimbo, akamgeukia mwenzake. "Unamjua?"

Mama Masafa akaitikia kwa kichwa. "Ni wa kwangu."

Nesi alimtazama kidogo tu, akaingia kazini. Fundi mitambo alipiga ile namba iliyotuma sauti. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Simu ya fundi cherehani, kila mtu anajua, ilikuwa na betri ya kuombea dua. Mama Masafa akapiga simu ya mkamwana, nayo ikaita, ikaita. Ilikuwa nyumbani, mezani, maana binti aliiacha ili asitambulike kwa namba.

"Pale kwenu kuna gari saa hizi?" Nesi akauliza.

"La abiria hupita asubuhi tu."

"Na kukimbia kutoka hapa?"

Mama Masafa akatazama miguu yake mifupi. Kutoka ghala la mbolea mpaka kwao ni mwendo wa kutosha jua kuzama.

"Basi sema," Nesi akasema. "Sema hewani. Kuna watu wanakusikiliza huko wenye vyombo. Sema ni nani na yuko wapi."

"Amesema nisimtangaze! Umemsikia kwa masikio yako!"

"Nimemsikia. Akifa, utakuwa umemtii."

Wimbo ulikuwa unakaribia kwisha. Taa nyekundu juu ya mlango ikawaka. Sijui kama umewahi kuwa na jambo moja tu la kufanya, nalo ni lile lile baya ulilokuwa ukifanya siku zote. Mama Masafa akasogelea maikrofoni, na sauti iliyotoka haikuwa ya jogoo wala ya chafya, ilikuwa ya bibi kizee.

"Huyo mama aliyeuliza ni mke wa mwanangu. Yuko kwa fundi cherehani, nyuma ya kisima, mlango wa bluu. Mwenye chombo chochote amchukue ampeleke hospitali. Tafadhali. Asimcheke mtu."

Huko nyuma ya kisima, fundi cherehani alisimulia baadaye, wawili wale walikuwa wameinamia redio. Nesi aliposema *sasa hivi*, binti aliinuka, akakaa tena kwa kizunguzungu. Mlango wa bluu ulipotajwa, alijifunika uso kwa kitambaa alichokuwa anakipinda mwenyewe, cha mtoto. Akasema, "Tena." Neno hilo moja tu. Na kabla fundi hajamjibu, pikapu ya mwenye duka la saruji ilikuwa mlangoni inapiga honi, na nyuma yake wanaume wa karata, wote, wamekuja mbio kumbeba. Yule bingwa wa "Chaa!" ndiye aliyemshikia kichwa njia nzima, na inasemekana hakufungua mdomo.

Mama Masafa alifika hospitali amepakiwa kwenye pikipiki, na miwani aliisahau studio. Mkamwana alikuwa kitandani, mkono umefungwa kipimo cha presha, uso umejaa mpaka macho yamekuwa madogo. Daktari, kijana mwenye haraka, alikuwa anamhoji.

"Kichwa kilianza lini?"

Binti akafungua mdomo. Akamwona mama mkwe amesimama miguuni pa kitanda. Akafunga mdomo.

"Sijambo kidogo," akasema.

"Sikuulizi hujambo. Nauliza kichwa kilianza lini. Ulishaona giza? Ulitapika?"

"Salama tu, daktari."

Daktari akamtazama mgonjwa, akamtazama mama, akatazama ile presha iliyoandikwa kwenye karatasi. Hakuwa mjinga. "Mama," akasema kwa adabu, "naomba utupishe nje kidogo."

Akatoka. Nyuma yake, mlango haujafungika vizuri, akasikia sauti ya binti inaanza kueleza, haraka haraka, mfululizo, tangu lini na vipi na wapi, kama mtu aliyekuwa amebanwa na sasa ameruhusiwa. Mama Masafa akasimama pale ushorobani. Kila neno lilikuwa linasemwa kwa sababu yeye hayupo.

Akaketi kwenye benchi. Pembeni yake alikuwepo mama mmoja mwenye kikapu, amemleta dadake kujifungua, mtu wa kupenda maneno. Mama Masafa alimwitikia salamu tu, basi ikawa imekwisha.

"We! Sauti hii! Si Mama Masafa wewe? Mungu wangu, ile ya chafya! Mimi nilicheka nikamwaga maharage yote. Yupo kweli yule Bibi Harusi, au unatunga?"

"Natunga," Mama Masafa akasema.

"Nilijua! Maana nilisema, hakuna mama mkwe wa kumfanyia mtoto wa watu hivyo."

Walimpasua jioni ile. Walimchoma sindano ya kuzuia kifafa, wakamtoa mtoto wa kike, mdogo, mwenye kilio cha paka aliyefungiwa nje, lakini alilia, na mama yake akaamka. Wote wawili. Nilitaka ulijue hilo mapema usije ukashikilia roho kama Mama Masafa alivyoishikilia kwenye benchi lile.

Siku iliyofuata sifa zilianza. Meneja wa kituo alikuja na maua ya plastiki, akisema hakijawahi kurushwa kipindi kama kile, watu wanakizungumza kila mahali, redio imeokoa maisha. "Dada, wewe ni shujaa. Tukirudia hicho kipindi wiki ijayo..."

"Usirudie."

"Lakini ndiyo kazi yetu hii! Watu wanataka kujua amezaa nini!"

"Nimesema usirudie!" Alipaza sauti mpaka mhudumu akatokeza kichwa. Sifa ile ilikuwa inamchoma kuliko tusi. Angetukanwa angejua pa kujibia. Sasa kila mtu alikuwa anampa mkono kwa kuzima moto alioukoka mwenyewe.

Mwanawe alifika na vumbi la barabara nyusini. Alimtazama mkewe, akambeba mtoto, akatoka nje kwa mama yake. Mama Masafa alijiandaa kugombezwa, na alikuwa anautaka ugomvi ule kwa hamu. Mwanawe akakaa tu.

"Mimi nilikuwa nasikiliza, mama. Kwenye lori. Nilikuwa nawaambia wenzangu, huyo ni mke wangu huyo. Tunacheka." Akajifuta uso. "Alinipigia simu kuniomba nikwambie uache. Nikamwambia asiwe mtu wa kuchukia."

Akainuka, akamrudisha mtoto ndani kwa mama yake.

Alipopata nafasi ya kuwa peke yake na mkamwana, Mama Masafa alipiga magoti kando ya kitanda, na magoti yake si ya kupigwa hovyo. "Mwanangu, nimekukosea. Nisamehe."

"Yameisha, mama," binti akasema. Alimvuta mkono ainuke, maana si vizuri mkubwa kupiga magoti, na akamgeukia mtoto. Yalikuwa hayajaisha. Alilisema vile tu mtu anavyolisema apate kupumzika.

Mama Masafa akamwendea Nesi. "Nataka kuomba radhi redioni. Waziwazi. Wote walionisikia nikimcheka wanisikie nikijutia."

"Utamtaja?"

"Sasa nitaombaje radhi bila kumtaja?"

"Basi utakuwa unamtangaza tena," Nesi akasema. "Safari hii kwa machozi."

Ikamfunga kabisa hiyo. Maisha yake yote, jambo likimkaa rohoni alilitoa kwa mdomo, na mdomo wake ulikuwa na mnara. Sasa lipo jambo moja kubwa kuliko yote na haruhusiwi kulipeleka popote. Alirudi kwenye trei za mayai, akafungua kipindi bila kisa. Sauti zikaja: Bibi Harusi yuko wapi? Kajifungua nini? Mtoto anafanana na jogoo? Fundi mitambo alizifuta moja moja. Meneja akanuna, na wasikilizaji wengine wakarudi kwenye muziki. Mama Masafa alikuwa akifika kwenye yale maneno yake, *hapa hatuulizi jina*, anayapita haraka, anaendelea.

Na Nesi alikuwa amemwambia jambo la mwisho, siku ya kutoka hospitali, wakiwa wawili tu. "Hatari haiishi na kuzaa. Presha hii inaweza kurudi wiki hizi za mwanzo. Kichwa, macho, miguu. Mwulize kila siku."

Alimwuliza. Kila asubuhi, mezani, mtoto yuko kifuani kwa mama yake.

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Salama, mama."

"Kichwa?"

"Salama."

"Macho hayaoni vimulimuli?"

"Hapana, mama. Salama."

Salama ile ile. Ya viatu vya mumewe, ya kliniki ambayo hakwenda. Mama Masafa hakuwa na namna ya kuipima. Wanawake wasiomjua walimwambia mambo wasiyowaambia waume zao, na huyu wa nyumbani kwake, ambaye damu yake inaweza kupanda wakati wowote akaanguka na mtoto mikononi, hakuwa na neno la kumpa zaidi ya hilo. Basi alichofanya, mama mzima na jina lake, ni kuchukua ufagio. Alifagia chini ya meza. Pamekwisha kufagiwa alfajiri, anafagia tena, ameinama, miwani imemteleza puani, anatafuta kati ya miguu ya meza na ya viti apate kuiona miguu ya mkamwana wake kama imevimba. Gauni refu lilikuwa linaifunika. Aliona kidole kimoja, siku nyingine kisigino. Akifikiria jinsi anavyoonekana, mtangazaji anayechungulia chini ya meza kama mwizi wa kuku, alitamani sakafu ifunguke.

Asubuhi moja alikuwa huko chini, anafagia pasipo na taka. Huko juu mtoto alikuwa ananyonya kwa kelele. Ndipo akaona pindo la gauni linainuka. Taratibu, mkono mmoja uliivuta nguo mpaka karibu na magoti, na miguu miwili ikasogezwa mbele, ikatoka kwenye kivuli cha meza, ikawekwa pale mwanga wa mlangoni unapofika. Miguu ilikuwa myembamba, vifundo vimeonekana, ngozi imerudi mahali pake.

Alijua. Tangu siku ya kwanza ya ufagio binti alijua.

Mama Masafa alibaki ameinama akiitazama, uso unamwaka, machozi yanamdondokea kwenye sakafu safi. Alipokwisha kuona, gauni likashushwa, naye akaendelea kufagia.